Mafia hadi Pemba kwa Rula na Uzi

Vijana wa meza ya kupanga safari za ndege, mmeniomba niandike, nami nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa napokea ngapi. Cheo changu cha mwisho mnakijua, kimeandikwa mlangoni na rangi yake imeanza kubanduka. Nitaandika kuhusu kazi. Mwezi uliopita, siku ya kuniaga, mmoja wenu aliiuliza simu yake ni umbali gani kutoka kiwanja cha ndege cha Mafia hadi cha Pemba, ikamjibu kabla hajameza soda. Nilicheka peke yangu. Swali hilohilo mimi nilizunguka nalo wiki mbili, na jibu nililolitoa lilikuwa na kosa.

Mimi sikuanzia kwenye ndege. Nilikuwa mchoraji ramani katika ofisi moja pale Posta, Dar, nikichora viwanja vya watu na mitaro ya maji kwa wino mweusi miaka tisa. Kisha zikaja nyakati za ruksa, biashara ikafunguliwa. Kariakoo ilijaa redio za kaseti, mitumba na sabuni za rangi ambazo tulikuwa hatujawahi kuziona, na sisi ofisini tukapewa barua za kupunguzwa kazini, zilizopigwa chapa vizuri sana. Nilikaa nyumbani Gerezani miezi mitatu nikichora mapambo ya vitambaa vya kochi kwa majirani. Nilikuwa nakasirika kila siku, na vitambaa vilinitoka vizuri kwa sababu hiyo.

Jirani mmoja ndiye aliyeniambia kuwa Mhindi wa spea za baiskeli, Mtaa wa Nyamwezi, ameleta ndege. Nilidhani ni utani. Bwana Jayanti alikuwa akiuza minyororo na pedeli tangu enzi za baba yake, na mtaa mzima ulimjua kwa kuzijaribu kengele moja moja mbele ya mteja. Kumbe baada ya biashara ya anga kufunguliwa, yeye na shemeji zake walikuwa wamechanga wakakodi ndege ndogo ya viti sita. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka. Nilipanda ngazi nikamkuta ametandaza ramani ya anga mezani, pembe zake zimekandamizwa kwa pedeli nne.

"Dada, unaweza kusoma ramani?" akaniuliza.

"Nimezichora miaka tisa, bosi."

Akaniangalia, akaiangalia ramani, akaondoa pedeli moja ili niketi karibu. "Basi anza leo. Mimi hii sielewi juu wapi, chini wapi."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza. Sikulala vizuri usiku ule kwa furaha, na nasema hivyo waziwazi kwa sababu naona nyinyi mnaona haya kufurahia kazi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kondo, aliyestaafu kwenye mnara wa kuongozea ndege. Bwana Jayanti alimwomba aje asubuhi tatu tu. Alikuja miaka minne. Alivaa kanzu safi, akanywa kahawa vikombe viwili, kisha akavua saa yake na kuiweka mezani kama mwalimu wa mtihani. Alinionyesha kwamba ramani ya anga haipimwi kwa kilomita nilizozizoea. Nafasi kati ya mistari inayolala, ile inayohesabu umbali kutoka ikweta, imegawanywa katika vipande vidogo pembeni mwa ramani, na kila kipande kimoja ni maili moja ya baharini. Unavuta uzi kutoka kiwanja hadi kiwanja, unaubana kwa vidole, unaupeleka pembeni, unahesabu. Uzi niliununua Kariakoo sokoni, wa cherehani, mwekundu ili uonekane. Kisha unagawanya maili kwa mwendo wa ndege, unapata muda. Muda unakupa mafuta. Mafuta yanakupa uzito. Uzito unakwambia abiria wangapi wapande na mizigo gani ibaki. Kila kitu kinatoka kwenye ule uzi. Nilikuwa nikifika nyumbani napima umbali wa kitanda na kabati.

Mwaka wa pili tulirudisha ile ndege ya kukodi na Bwana Jayanti akanunua yake mwenyewe, kuukuu lakini imepakwa rangi mpya. Rubani wetu, Kapteni Lyimo, aliirusha siku mbili kuijaribu, akapanda ngazi za duka huku akipiga mluzi.

"Mambo, Zuhura?"

"Poa, Kapteni. Chombo kinakwendaje?"

"Kinatembea. Mia na thelathini bila kulia."

Nikaandika ubaoni: maili mia na thelathini kwa saa. Ile ya kwanza ilikuwa inakwenda hivyohivyo, kwa hiyo sikuuliza neno.

Wiki ileile akaja Mzee Faki. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, Mpemba aliyekuwa karani wa shamba la minazi kule Mafia kwa miaka mingi, na pia ndiye aliyekuwa akitoa hotuba ya Ijumaa kwenye msikiti wa Kilindoni. Alikuwa amekuja Dar kununua vitu vya harusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akabaki amesimama ameshika kofia yake.

"Mwanangu, nataka kujua kitu kimoja. Kutoka Mafia kwenda Pemba moja kwa moja ni mbali kiasi gani, na mtu hufika kwa muda gani?"

Swali zuri namna hiyo sikuwahi kuulizwa. Visiwa vyote viwili tulikuwa tunavihudumia, lakini kila abiria alikuja Dar kwanza, akalala kwa ndugu, akaondoka kesho yake. Hakuna aliyewahi kuviunganisha. Nikamkaribisha kiti, akanieleza. Binti yake wa pekee, Riziki, alikuwa akikaa kwa shangazi yake Chake Chake, anaolewa Ijumaa ya wiki mbili zijazo baada ya sala ya alasiri. Siku haikuweza kusogezwa kwa sababu bwana harusi alikuwa amepata kazi Maskati na Jumamosi anaondoka. Mzee mwenyewe hangeweza kuiacha hotuba yake ya Ijumaa, kwani msaidizi wake alikuwa mgonjwa. Na huko Pemba walikwisha kumwambia: walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, akiwa mbali, umbali wa safari, kadhi anashika nafasi yake na kuozesha. Ndoa ingefungwa tu, iwe yupo au hayupo.

"Mama yake alikufa akiwa na miaka minne," akasema. "Nimemlea kwa mkono huu. Nataka niushike mkono wa mumewe kwa mkono huuhuu. Kadhi ni mtu mwema, lakini si baba yake."

Nilipima siku ileile, nikapima tena siku zilizofuata, maana nilikuwa na hamu isiyoisha. Maili mia moja na sitini na moja za baharini, karibu kilomita mia tatu, maji matupu. Kwa mwendo wa mia na thelathini ni saa moja na robo. Hotuba inaisha saa saba na nusu, ndege inaruka saa nane kasorobo, saa tisa kamili yuko Pemba, anapata na nafasi ya kuoga. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi zangu za ramani, akaikunja akaitia mfukoni mwa ndani. Bwana Jayanti aliposikia alifurahi kuliko sisi sote. Akaagiza kibao, MAFIA – PEMBA MOJA KWA MOJA, kikatundikwa juu ya baiskeli, na akapeleka salamu kwa wakala wetu Pemba ndege ipokewe kwa maua.

Siku ya Ijumaa ndege ilitoka Dar asubuhi na mafuta ya mzunguko mzima: kwenda Mafia, kuvuka hadi Pemba, kurudi Dar, pamoja na akiba ya dakika arobaini na tano. Mafia na Pemba hakukuwa na mafuta ya ndege. Ilifika Mafia karibu kabisa na muda niliouandika, nikasikia Kapteni Lyimo akiripoti kwenye redio ya ofisini, nikajipongeza kwa chapati ya pili.

Mzee Kondo alikuja saa nne. Jana yake alikuwa amepitia uwanja wa ndege kuiona ndege mpya, na rubani akamruhusu kuketi kwenye kiti chake. Akanywa kahawa, akautazama ubao.

"Hii mia na thelathini umeitoa wapi?"

"Kwa Kapteni, mzee."

"Ameisoma kwenye saa ya mwendo. Ile ndege ni ya zamani. Namba kubwa kwenye saa yake ni maili za nchi kavu, zile fupi za barabarani. Maili za baharini zipo ndani, namba ndogondogo, hata miwani yangu ilizitafuta."

Nilikuwa nimepima njia kwa maili ndefu na kuigawa kwa maili fupi. Kwa maili za baharini ndege yetu ilikuwa inakwenda mia na kumi na tatu tu. Na safari ya asubuhi haikuniumbua kwa sababu upepo wa kaskazi, utokao kaskazini, ulikuwa nyuma ya ndege, ukaisukuma, ukafunika kosa langu. Kuelekea Pemba upepo uleule ungekuwa usoni. Nikafanya hesabu upya: saa moja na robo ikawa saa moja na dakika thelathini na sita, na ile akiba ya mafuta ikawa inaliwa juu ya maji bila mtu kujua. Kapteni alipaswa kuhesabu mwenyewe, lakini alikuwa amezoea kuniamini. Tangu siku ile nimewaomba marubani wote wasiniamini.

"Sasa unafanya nini?" akauliza Mzee Kondo, na saa yake alikwisha kuivua.

"Kapteni haendi moja kwa moja. Aje Dar aongeze mafuta. Lakini mzee, si mzunguko huo? Atachelewa kabisa."

"Umeupima?"

Sikuwa nimeupima. Kila mtu alijua kupitia Dar ni kuzunguka. Nikachukua uzi, nikauvuta Mafia hadi Dar, Dar hadi Pemba, nikaupeleka pembeni. Nikahesabu mara mbili kwa sauti. Njia ya kupitia Dar ilizidi ile iliyonyooka kwa maili kumi na mbili tu, dakika saba hivi angani. Wiki mbili nzima tulikuwa tunashangilia kibao kilichookoa dakika saba. Mzee Kondo alicheka hadi akaweka kikombe chini, na mimi, katikati ya hofu ile, nikacheka pia.

Kumwambia Bwana Jayanti hakukuchekesha. Alikuwa chini anamuuzia mtu taa ya baiskeli. Nikamweleza yote pale kaunta, maana ngazi zilikuwa ndefu mno kwa habari ile.

"Dada Zuhura, watu wa Pemba wamenunua maua," akasema taratibu.

"Najua, bosi. Ni mimi niliyekosea."

"Una hakika?"

"Ya kwamba nimekosea, hakika kabisa."

Akampa mteja taa yake, akachukua ufunguo wa pikapu. "Mwambie Lyimo aje Dar. Mimi na wewe tunaenda uwanjani."

Niliita Mafia kwenye redio nikamsomea Kapteni njia mpya. Akasema, "Nimekupata. Asante, Zuhura," akairudia njia yote kama inavyotakiwa. Tulijaribu kupiga simu Chake Chake kuomba watungoje, lakini laini ilikuwa haishiki tangu jana yake. Tukatoka kwa pikapu Barabara ya Pugu, Bwana Jayanti anaendesha kama alivyouza kengele, kwa uangalifu wa kuudhi.

Ndege ilitua saa nane na nusu. Wauza pweza wawili waliopanda Mafia waliposikia ndege inapitia Dar wakashuka na vikapu vyao, akabaki Mzee Faki peke yake kwenye kiti cha nyuma, kanzu nyeupe, joho amelikunja magotini. Gari la mafuta halikuwepo. Lilikuwa limekwama kwenye ndege kubwa upande wa pili, na kila nilipoitazama saa, bomba lake lilikuwa palepale. Baada ya dakika ishirini na tano likachomoka, nikaona linapinda kuelekea kantini. Nikakimbia, viatu mkononi, nikasimama mbele yake.

"Dada, nina njaa mimi, toka asubuhi sijala," dereva akasema dirishani.

"Kaka yangu, kuna baba yumo kwenye ndege ile, binti yake anaolewa Pemba saa kumi. Jaza, kisha nitakununulia wali kwa nyama kwa mkono wangu."

Akamtazama mzee kwa mbali. "Alasiri ya leo?"

"Ya leo."

Akageuza gari. Wali nilimnunulia Jumatatu, na akala sahani mbili.

Saa tisa na dakika kumi ndege ilikuwa tayari. Bwana Jayanti akafungua mlango wa nyuma, akanitazama. "Panda. Karatasi uliiandika wewe. Kamweleze wewe." Miaka miwili nilikuwa nikiwapangia watu safari za anga, na sikuwahi kukanyaga ndani ya ndege. Nikapanda.

Sitawadanganya: nilikuwa na aibu, nilikuwa na hofu, na bado moyo ulikuwa unaruka kwa furaha. Niliiona Magogoni na kivuko chake kikielekea Kigamboni, kidogo kabisa, kisha mistari yote niliyokuwa nikiichora kwa kubahatisha ikawa pwani ya kweli yenye mawimbi. Unguja ikapita kando yetu kama ilivyo kwenye ramani, kona kwa kona. Nilitamani kumshika mtu mkono. Aliyekuwepo ni Mzee Faki, kwa hiyo nikamweleza kosa langu, lote, kwa kupiga kelele maana injini ilikuwa inanguruma.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo alasiri imetupita."

"Itatupita, mzee. Tutafika Pemba saa kumi na robo. Nisamehe."

Akatazama chini majini. "Nimeshakusamehe. Ila usiitazame tena hiyo saa yako, inanitia joto."

Nikaivua nikaitia kwenye pochi. Tasbihi yake ilikuwa inakwenda haraka, na karatasi yangu ya saa moja na robo alikuwa bado ameishika, imelowa jasho. Hapo nililia kidogo, upande wa dirisha.

Tulitua Pemba. Wakala wetu alikuwa amesimama na maua yaliyonyauka, akayatupa kwenye gari nasi tukaruka ndani. Tulipofika karibu na nyumba, wanaume walikuwa wamekaa msikitini jirani, viatu vimejaa mlangoni, nami nikajua sala imekwisha kitambo. Mzee Faki alishuka kabla gari halijasimama. Mimi nilipita mlango wa wanawake.

Ndani kulikuwa kimya. Nilikuwa nimehudhuria harusi nyingi, na kimya cha namna ile sikukijua. Mama mmoja mnene, shangazi mtu, alikuwa amekaa kizingitini anajipepea kwa ukuti. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama ndoa imeshafungwa.

"Ndoa ipi," akasema. "Mashahidi wa kadhi wameshakuja mara mbili kumuuliza bibi harusi kama ameridhia. Kila wakija, anawajibu bado. Mara ya kwanza tukadhani ni haya. Mara ya pili kadhi mwenyewe kaja nyuma ya pazia, kamwambia mwanangu, watu wanangoja, bwana harusi kesho anasafiri. Kamjibu kwa adabu kabisa: bado. Hatujui bado nini."

Hakuwa amemaliza kusema nikasikia hatua barazani, kisha sauti ya Mzee Faki nyuma ya pazia, sauti ya mtu aliyezoea hotuba lakini safari hii imekatika katikati.

"Riziki binti Faki. Umeridhia nikuozeshe?"

"Nimeridhia, baba."

Hakulisema kwa kunong'ona kama mabibi harusi wanavyofundishwa. Alilisema hadi barazani wakasikia, na vigelegele vikapasuka nyumba nzima, na shangazi mtu akanikumbatia, ingawa hanijui. Baadaye kidogo, mzee alipokwisha kwenda msikitini kuushika ule mkono, waliniingiza chumbani nimpe bibi harusi pole na hongera kwa pamoja. Nikamwambia mimi ndiye niliyekosea saa, na laiti angejua nilivyoteseka kule juu nikidhani ndoa imekwisha.

Riziki alikuwa amejaa hina hadi viwikoni, ananyoosha mikono mbali ili asichafue nguo. Akanitazama kwa utulivu, kama mtu asiyejua nazungumzia shida gani.

"Ningewaambia bado mpaka Isha," akasema.